Mgomba wa Mimba ya Kwanza

Makere, Jumapili. Mwaka wa hamsini na tatu tangu nitoke Burundi.

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo, mama yako anavuna mahindi. Unauliza kama marehemu bibi yako naye aliiogopa mimba yake ya kwanza ilipokuwa changa kama hiyo yako. Aliiogopa, na kila asubuhi alitapika. Sisi wakimbizi tulipanda maharage tu, tukisema tutarudi upesi. Yeye akachimba shimo la mgomba.

“Wewe mkamwana, utamlisha nani huo?” mama yangu akamcheka. “Sisi tunarudi kwetu.”

“Rudini, mama. Mwanangu atakula ndizi hapa.”

Akatapika, akashika tena jembe. Hofu haikumwisha, alipanda nayo. Ndizi zile alizila mama yako.

Ndugu wa ng’ambo bado wananiita nirudi Burundi. Nimewajibu kwamba sirudi.

Babu yako