Mti wa mpaka ndani ya valizi

Keren rafiki yangu, sikia. Maman amempasua tonton Anaclet kichwa! Mdogo wake mwenyewe, hapa Ulaya, kwetu Laeken, mezani!

Alifika asubuhi kwa ndege kutoka kijijini kwetu mlimani, tukampokea kituo cha treni cha Gare du Midi. Tulipomaliza kula akafungua valizi, sanduku lake la safari, akatoa mti mdogo wenye mizizi, akampa dada yake. "Yaya, zawadi. Kitu ya papa. Panda ku balcon."

Maman akaona alama ya panga kwenye shina. "Anaclet, huu si muti ya mupaka?"

Unajua kwetu hakuna karatasi za mashamba, mti ndio mpaka. Babu, papa yao, aliupanda kati ya shamba la maman na la tonton, akawa anaukata kwa panga ubaki mfupi.

Tonton akacheka! "Bon, uko Ulaya, utalima nini? Nimeunganisha mashamba."

Alicheka, Keren. Maman akakamata mwiko wa bugali, akampiga kichwani mara tatu. Damu ikadondoka kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Tonton akamkaba maman shingo, macho ya maman yakageuka. Mimi, unavyonijua, nikamng'ata tonton mkono mpaka akamwachia. Tukamsukuma nje.

Sasa anagonga mlango, anataka valizi yake. Maman hageuki. Ameupanda mti kwenye ndoo, anaumwagilia maji. Sauti yake haitoki vizuri.

"Tafuta tiketi," ananiambia. "Naurudisha ku shimo yake."