Kiti cha Mjomba

Lukang,
9 Juni, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Ming-tsung,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Natumaini wifi Noriko anakusimamia unywe dawa, maana wewe tangu utoto dawa ulikuwa unatema. Sisi ni wazima, ila mvua za msimu huu zimeotesha ukungu hadi kwenye viatu. Na mimi nimechoka, sikufichi.

Harusi ya binti yangu Yun-ju itakuwa mwezi ujao, kabla mwezi wa mizimu haujaingia, maana humo haolewi mtu. Sheria ya kuruhusu ndoa kama yake imepita, kama ulivyosikia, naye hataki kungoja. Mwenzake ni Wen-hsin, yule msichana muuguzi uliyemkaribisha chai huko Osaka ukidhani ni rafiki tu.

Keki za posa tumeshagawa. Shemeji Tien-fu, kaka wa mume wangu, alirudisha boksi lake, akasimama mlangoni majirani wakisikia: "Shemeji, keki nimeiona, bwana harusi sijamwona. Au naye mmemuoka humo humo?" Watu wakacheka. Mume wangu akalifungua lile boksi palepale, akala. "Tamu," akasema. "Shauri yako, kaka." Na mume wangu huyuhuyu ndiye aliyepiga kura ya kupinga ndoa hizi mwaka jana. Hakuniambia, lakini alirudi kutoka kituo cha kura akaenda moja kwa moja kumwagilia maua, na mvua ilikuwa imenyesha. Sasa anakula keki moja kila asubuhi, na ana kisukari. Zaidi ya hapo hatujazungumza.

Kura ile ilitumaliza. Watu waliombeba Yun-ju mgongoni akiwa mtoto walikuja hapa kukusanya saini za kumpinga, wakaomba na maji ya kunywa. Niliwapa.

Na wewe, ndugu yangu, kila asubuhi ulituma kwenye kundi la familia picha za maua ya yungiyungi, "Habari za asubuhi," na chini yake maneno makali juu ya watu kama mwanangu. Yaliniuma sana. Yun-ju aliyasoma yote. Hakujibu, wala hakujitoa kwenye kundi. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Nikijitoa, mama, mjomba mwingine nitamtoa wapi?"

Unajua kwetu husemwa: mbinguni yuko Bwana wa Mbingu, duniani yuko mjomba. Asipokaa yeye meza kuu, karamu haianzi. Mjomba wa Wen-hsin ameshakataa, tena kwa matusi. Umebaki wewe peke yako kwa mabibi harusi wawili.

Sikuombi ubadili mawazo. Nimechoka kubishana na watu ninaowapenda. Njoo ukae tu. Ule, unune ukitaka, kununa unakujua.

Nisalimie Noriko na mwanao Kenji. Shangazi A-chu anakusalimu, anauliza kama bado unakula pilipili. Wazee wetu waliotangulia wakulinde huko uliko, wakufungulie na njia ya kurudi.

Jana mpishi wa karamu alikuja kupanga meza. Yun-ju alimwonyesha kiti chako, akamwambia asikikalie mtu mwingine, na chakula kisipakuliwe kabla hujafika. Mpishi akauliza, "Na asipokuja?"

"Basi kipoe," akasema.

Kwa mengine yote nimechoka. Kwa kukupenda, bado.

Dada yako,
Pao-kuei