Presha Yangu na Kisu cha Mboga

Mama Wafula,

Huku Kitale mvua haijakatika tangu asubuhi, na chai yao haifikii yako. Nimemwona daktari. Amesema presha yangu imekataa dawa, kwa hivyo nipelekwe Nairobi, wapitishe mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye figo, wachome neva zinazopandisha presha. Wachome, mama!

Halafu akauliza, "Mzee, dawa unameza zote kila siku?"

Nikasema, "Zote, daktari."

Sasa nimekaa kwa benchi nje ya mlango wake, nakuandikia. Si mimi na wewe tunajua kila kidonge tunakikata kwa kisu cha mboga, nusu yangu, nusu yako, kwa sababu umekataa kwenda kupimwa? Ati presha ni presha, dawa ni moja.

Naogopa ule mrija. Kumwambia ukweli naogopa zaidi, lakini nikimaliza kuandika nabisha tena mlango wake, nimwambie.

Nikifika nyumbani Naitiri usinipikie kwanza. Nikukute umevaa viatu, twende upimwe, upewe dawa yako. Hicho kisu kirudi kukata sukuma wiki. Nataka tuzeeke wote wawili.

Baba Wafula