Jina Alilobaki Nalo Mama

Mama, shikamoo. Mguu umepoa, au bado unaukanda kwa maji ya chumvi na kutuambia umepona? Sisi hapa Mbagala tupo. Tunakula, tunalala. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu tunaishia kunyamaza wote wawili.

Kazini nilirudi wiki ileile tuliyomzika mtoto. Juzi nilikuwa naiandikia kompyuta maelekezo ichape risiti ya duka mara tatu. Ili ihesabu moja, mbili, tatu, inataka hesabu hiyo uipe jina, hata kama jina hilo hutalitumia tena. Wenzangu huweka kistari tu mahali pa jina, ili anayesoma ajue hapo hakuna cha kutafuta. Mimi nikaandika "mtoto". Sijui kwa nini.

Dada Rehema, anayekagua kazi zetu, akaniita. "Braza, huyu mtoto mbona hatumiki popote? Weka kistari bwana, usituchanganye."

Hajui, sikumwambia mtu. Nikaweka kistari. Kisha nikaenda kunywa chai na chapati mbili, nikazimaliza zote. Nilingoja nilie, sikulia.

Jumamosi tulikwenda kaburini kule Chanika, mimi na mke wangu Neema. Fundi aliandika jina langu tu kwenye msalaba, juu yake akaacha nafasi kama tulivyomwomba. Neema akaufuta vumbi kwa khanga yake, akasema, "Muulize mama. Alikuwa anamletea jina gani?"

Najua kwetu bibi ndiye mwenye jina, na halitamki mpaka mjukuu awe mapajani mwake. Ulikuwa umeshafunga mzigo wa safari nilipokupigia kukwambia usije na furaha, mtoto ametutoka. Tangu hapo umelinyamazia, nami sikuthubutu kuuliza. Lakini fundi anauliza, Neema anauliza, na mimi nimechoka kupita pale penye nafasi tupu nisihisi kitu.

Nisalimie baba mdogo, mlinzi wa mahindi anayelala kuliko nyani, na shangazi wa cherehani. Mwambie kile kifuko cha nguo ndogo alichoshona tunacho, hatujakigawa.

Mama, mapajani hayupo. Litamke hivyo hivyo, ukiwa peke yako, halafu uniandikie.

Ni mimi mwanao Festo, baba wa huyo ambaye jina lake unalijua wewe tu.