Baba Monga hashuke tena ku mulima

Lubumbashi, Katuba
Mu baridi ya mwezi wa sita

Yaya Bernadette,

Jambo kwako na kwa bote ba mu lupango. Huku tuko, Mungu anatubeba, ijapokuwa asubuhi baridi inatuuma mpaka mu mifupa. Magoti yako inaendelea namna gani? Na ile bati ya jikoni ilipeperushwa na upepo, huko Kongolo yote hakukupatikana hata fundi moja wa kuirudisha? Mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, ilifika muzuri, hakuna hata tone ilimwangika. Samaki ya kukauka ilifika nusu. Nusu ingine uulize bale balisafiri nayo. Aksanti sana, Yaya, mukono yako haichoke.

Najua unashangaa kuona karatasi. Unasema: Sidonie, simu imekufa? Hapana. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa mu chumba, bale ba mu salon banakujibu pole. Na mudogo wako tangu aliacha kazi akaingia retraite haniache hata nafasi ya kupiga chafya peke yangu. Njo maana nimeandika, na barua nimeiweka mu mikono ya masœur, mutawa wa kanisa ya paroisse yetu, anayepanda train kuja huko. Ni juu ya mudogo wako, bwana yangu, Baba Monga. Ikala kwanza, ndiyo usome.

Unakumbuka tumbo yake. Ulipokuja mara ya mwisho ulimucheka, ukasema Grégoire amebeba mimba yeye mwenyewe juu bibi yake amechelewa kubeba ingine. Alipoacha kazi ya atelier ya reli, ile tumbo ikaongezeka na pumzi ikapunguka. Kupanda ngazi ya kanisa tu, alisimama katikati kusalimia bantu ambao hakuwa na kintu ya kubaambia. Njo bazee benzake ba paroisse bakamuingiza mu équipe, kikundi yabo ya velo. Akatoa kinga yake ya zamani, ile baiskeli alikwendea nayo ku kazi, akaisugua, akaitia mafuta, akavaa casque ku kichwa. Nilicheka mpaka nikaikala chini.

Siku ya kazi banashika njia ya Luano, kule ku aéroport, barabara imelala, hata miye ningeweza. Lakini siku ya Mungu, kisha misa ya kwanza, banaenda njia ya Likasi, na mbele kidogo ya péage, pale banalipisha motokari, kuiko mulima. Ukipita na motokari hauijue hata kama iko. Lakini kwa muntu wa umri yake, na tumbo yake, ilikuwa ukuta. Benzake balipanda. Yeye alishuka, akasukuma kinga. Kila mara alishukia pahali pamoja, mbele ya bamama banaouzisha makala, makaa ya kupikia, na unajua midomo ya bamama ba huku. "Papa, acha tumbo hapa, tutakuchungia, utaikamata ukirudia!" Alifika nyumbani, akaegemeza kinga ku ukuta. Nikamuuliza mulima ilikuwa namna gani. Akanijibu: "Iko pahali yake."

Mu équipe kuiko muzee Kaseya, alikuwaka mwalimu. Ni yeye alimufungua macho. Alimwambia: "Grégoire, kwa miaka yetu miguu haiongeze tena nguvu. Ile uko nayo, njo hiyo. Kama unataka kupanda, punguza muzigo. Funga mufuko ya unga nyuma ya kinga, upande. Kisha uifungue, upande tena. Utasikia mwenyewe. Weye ile mufuko unaibeba ndani ya shati."

Mudogo wako, unajua vile hakubali kintu mpaka aiguse, akakamata mufuko yangu ya unga, unga ya mahindi ya mwezi muzima, akaenda nayo mpaka ku mulima. Alirudi jioni, jasho inamutiririka, akasema: "Sidonie, nimeelewa." Nikasema muzuri, na unga yangu? Mufuko ilikuwa imetobokea njiani. Alikuwa amepakaa barabara ya Likasi yote.

Toka siku ile akaacha kukunywa bière. Bukari, ugali yetu, nikamupikia ya kujaa ngumi tu, na sombe ya majani ya muhogo, na muchicha ya lengalenga, na samaki ya mafuta kidogo. Wiki ya kwanza alinuna, hata kuku za jirani zilimukimbia. Lakini alikonda, Yaya, na kila alipokonda mulima ilimukubali kidogo. Kwanza akapita bale bamama, ndiyo akashuka. Kisha akafika katikati. Kisha siku moja akafika juu, wa mwisho kwa bote, lakini akiwa juu ya kinga. Aliingia mu lupango anapiga kelele kama mutoto anatoka ku masomo: "Sikusukuma! Sidonie, sikusukuma!" Nilifurahi, sikufiche. Nilikamata suruali zake zote, nikazipunguza ku mashini yangu, nikiimba.

Sasa kwa bantu. Unajua huku kwetu muntu akikonda hakuna anayeuliza kama alitaka. Bakaanza: Mama Monga hamupe bwana yake chakula. Bengine bakasema ni ule ugonjwa. Bengine bakasema ni jirani alimufunga na uchawi. Bamama ba kikundi ya sala bakaingia kwangu bila hodi, bakamuwekea mikono ku kichwa, na yeye anakula njugu. Norbert, mudogo wenu wa Kampemba, akakusanya jamaa mu salon yangu, bakanikalisha ku kiti peke yangu kama mwizi wa kuku. "Mama Monga, tuambie, ndugu yetu anakufa na nini?"

Yaya, nilisimama. Unajua mudomo yangu. Nikabaambia: "Mugonjwa gani anapanda mulima? Mugonjwa anashuka! Nendeni ku njia ya Likasi mumuone!" Nikamwambia Norbert abebe mufuko ya unga, azunguke nayo lupango, kisha aiweke. Akazunguka, akaiweka, akasema kweli. Nikabafundisha bote, mumoja mumoja, mpaka bakanyamaza. Jioni bakala, bakaniomba masamaha. Nilibashinda. Leo natamani ningebaki bubu siku ile.

Juu Pasaka ilipopita, muzee Kaseya mwenyewe alimwambia sasa inatosha, ukule. Na alianza kukula. Bukari mbili, Yaya, na asubuhi mukate na njugu, na siku ya Mungu bière yake. Nilisema muzuri, atarudisha nyama kidogo. Mu suruali nililimbika nguo ndani ya mushono juu nilijua nitazifungua. Sikuzifungua. Nilizipunguza tena, na tena. Suruali yake ya misa, mifuko ya nyuma imekutana, imegusana kama macho ya fretin, bale samaki badogo. Nilikuwa ku mashini nayo mukononi, nikasimamisha muguu. Fundi wa nguo anajua. Mwili inayopungua juu mwenye mwili anaipunguza, inapungua ku tumbo. Huyu anapungua ku mabega, ku shingo, ku matako. Anapungua pahali hakuna muntu anaombaka kupungua.

Na maji! Ile jagi kubwa ya mu salon, nikiijaza ananikuta nyuma anaimaliza. Anaamuka kukojoa, anarudi, anakunywa, anaenda tena. Nikimuuliza, anasema ni mulima, mulima inakausha muntu.

Lakini hivi, Yaya, njo inanimaliza kabisa: anapanda! Kila wiki anapanda kupita wiki ilipita. Alianza kupita bazee benzake, sasa anapita hata bale ba chini yake kwa umri. Bamama ba makala banamupigia kelele ya furaha, banamuita sungura. Kila kilo inayomutoka inamusukuma juu, na yeye anahesabia ni nguvu.

Nilimwambia twende ku hôpital, bapime damu tu. Akacheka, akanikamata mabega: "Mugonjwa gani anapanda mulima?" Neno langu mwenyewe. Nikaenda Kampemba kwa Norbert. Alinisikiliza muzuri, akanipa fanta, akasema: "Shemeji, si weye ulitufundisha? Ulinibebesha unga!" Na bibi yake naye akacheka, akaniambia nisiwe na wivu juu bwana amekuwa kijana. Bamama ba kikundi ya sala, nikabafuata miye mwenyewe, nikasema njooni mumuombee. Unajua balinijibu nini? Balikuja batatu, na karatasi, bakaniomba nibaambie ninamupikia nini, nabo bapikie babwana yabo. Nikabaambia sombe. Ningesema nini?

Siku moja nilitoa hewa mu pneu zote mbili za kinga yake. Alipiga pompe anaimba, akaenda. Hata kupiga pompe haimuchokeshe tena. Kuiko ile methali ya sikio, unaijua, nilianza kuisema mu jikoni nikaifunga mu kinywa. Sitaki kuisikia mu nyumba yangu.

Siku ya Mungu iliyopita nikapanda moto, pikipiki, nikaenda kumungojea juu ya mulima. Nilisema nimuone na macho yangu, labda ni miye ninaogopa bule. Nilisimama pale na gidon, kidumu ya maji, na bamama bengine ba équipe, na muzee Kaseya ambaye goti inamuuma, hakupanda. Tukaangalia chini. Na muntu wa kwanza kutokea ku kona alikuwa bwana yangu. Nyuma yake hakukuwa na muntu, barabara tupu. Hakusimama ku pédale, hakuhema, alikuja tu, kama hakuna mulima. Shati yake ya maillot inapigapiga mu upepo, ndani yake sikuona kama kuiko muntu.

Bantu bakalia: "Grégoire! Grégoire!" Muzee Kaseya akafuta macho na kitambaa, akaniambia: "Mama, ni kazi yako hii." Nikafungua gidon ya maji. Bwana yangu akafika, akashuka, akaweka mukono yake ku bega yangu juu apumzike. Yaya, sikusikia uzito. Mukono ya bwana yangu ile nimeibeba ku mabega yangu toka tulioana, haikuwa na uzito. Akakamata gidon, akamaliza maji yote bila kupumua. Kisha akaniangalia, akasema: "Umeona?"

Nikasema nimeona. Bote balikuwa banapiga makofi, bananiangalia miye. Nikapiga makofi na miye.

Njo pale nilijua nitakuandikia. Ahadi moja amenipa: ataenda ku hôpital sikukuu ya paroisse ikipita, mwezi wa munane, juu équipe yabo itapanda mulima mbele ya mupe, padiri wetu, na anataka kuwa wa kwanza. Ninaomba kila siku, lakini sijue ninaomba nini. Nikiomba ashindwe kupanda, ni kumuombea ugonjwa. Nikiomba apande, ni vilevile.

Yeye hasikilize muntu ila weye. Weye ulimubeba ku mugongo, ulimupiga makofi mbele ya bantu na ndevu zimeota, na akakuambia aksanti. Mupigie simu. Usimuambie ni miye nilikuandikia. Sema umeota ndoto, sema unataka apimwe damu kesho asubuhi, hapana kesho kutwa. Kama hakubali, panda train, hata na magoti yako. Nitakupokea ku gare, nitakubeba.

Salimia mutoto wako wa kike anayekupikia, umwambie kitambaa yake nimeisha kuikata, nitaituma na masœur akirudia. Salimia katekista, mwambie sijasahau zile mangazi za mafuta alinichumia. Salimia jirani yako mukufunzi wa kuimba, na bibi yake, na bote banaouliza juu yetu. Baambie Grégoire iko muzuri. Banaweza kusikia vile.

Na weye, Yaya, nijibu kintu moja tu, usinifiche juu ya huruma. Mama yenu alipokufa sisi tulikuwa huku mu kazi, tulifika tukakuta kaburi, na Grégoire hakumuona vile alipungua. Weye ulimuchunga toka mwanzo, ulimuosha. Mu matanga nilisikia bamama banasema maji ilikuwa inaisha mu mutungi kabla jua halijapanda, na miye sikutia akili. Niambie: siku za kwanza kabisa, wakati alianza kukonda, na mama naye alisema anasikia mwepesi? Na mama naye alifurahi?

Miye, bibi ya mudogo wako, anayekuheshimu,

Sidonie, Mama Monga