Kliniki ya Punda Isiyoingiwa na Punda

Shikamoo Mama Evodia, na pole kwa mizigo ya watu unayobebeshwa kila juma, nami naomba unisikilize ingawa yangu si ya ndoa wala ya mapenzi. Naitwa Harithi, ni daktari wa mifugo, nina miaka thelathini na sita, nimezaliwa hapa Dodoma mjini katika ukoo wa wafanyabiashara waliokuja na misafara zamani wakabaki, na miaka tisa nimefanya kazi vijijini nikichanja ng'ombe na kukagua nyama, hadi likatokea hili ambalo nimemweleza mke wangu Yusra peke yake.

Mwaka juzi nilikuwa Haneti kwa chanjo, akanijia mama mmoja mjamzito anaitwa Sikuzani, ameshika kamba ya punda, akaniambia huyu ndiye anayetuletea maji na tangu juzi hali kitu, naomba umtazame, mimi nikamuuliza mwenye mifugo yuko wapi, akasema yuko kule joshoni anaogesha ng'ombe, nikamfuata. Mumewe, Masudi, akanijibu, "Punda haumwi, daktari. Punda anategea." Wanaume wote pale wakacheka na mimi nikacheka nao, nikaendelea na ng'ombe. Baada ya siku tisa nilipita tena njia ileile, nikamkuta Sikuzani na tumbo la miezi minane amejitwisha ndoo ya maji, punda amekufa, akasogea pembeni anipishe na pikipiki yangu, akanisalimia kwa adabu zote, na Mama, heri angenitukana.

Tangu siku hiyo sikutulia, nikaanza kujiuliza punda ni mnyama gani hasa, maana chuoni tulimsoma siku moja tu tena mwalimu akiwa na haraka, nikanunua punda nikamfuga hapa nyumbani Nzuguni, kila jioni namsikiliza tumbo kwa kipimo changu na kuandika kwenye daftari, majirani wanakaa ukutani kunitazama, lakini nimejifunza mambo ambayo yamenishangaza kabisa, kwamba punda huficha maumivu, akiumwa husimama kimya kama mwenye subira, na kwamba dawa nyingine huisha mwilini mwake upesi kuliko mwilini mwa farasi, kwa hiyo ukimpa kwa kufuata kitabu cha farasi unaweza kudhani umemtibu kumbe bado. Kadiri ninavyojua ndivyo ninavyotaka kujua zaidi.

Basi nikaomba likizo bila malipo, nikapanga fremu ya duka kando ya barabara hapa Nzuguni, vibali vyote viko ukutani, nikaandika ubao KLINIKI YA PUNDA, nafungua saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, huu mwezi wa tatu na hajaingia punda hata mmoja, wameletwa mbwa, mbuzi na bata mmoja. Nimetangaza kwenye majosho matano na minada yote, wanaume wananisikiliza vizuri, wananiuliza habari za ng'ombe, wanaondoka. Baba mkwe amenitania mbele ya wageni kwamba asante ya punda ni mateke. Yusra hanitanii, lakini juzi aliniambia, "Mimi siogopi njaa, Harithi. Naogopa kukuona unamsubiri mtu asiyekuja." Likizo yangu inaisha baada ya siku kumi na tisa, nisiporudi ofisini nafasi yangu anapewa mwingine, na nikirudi najua punda ndio nimewaacha moja kwa moja. Nifanyeje, Mama?

Harithi, Nzuguni

MAMA EVODIA ANAJIBU

Marahaba, Daktari. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilitaka kukuvuta sikio. Hayo mateke anayokutishia baba mkwe bado hujayapata, maana hata karibu ya punda wa watu hujafika.

Hebu niambie, saa mbili asubuhi punda wa mkoa huu yuko wapi? Yuko njiani na madumu manne mgongoni. Ni mama gani atakayeyashusha maji ya wanawe, amswage punda kutoka Haneti mpaka Nzuguni, ili wewe uliyekaa kwenye kiti umkague? Na hayo majosho! Josho ni mambo ya ng'ombe, na ng'ombe ni mambo ya wanaume. Umewauliza habari za punda watu wasiotembea naye. Anayejua kwamba leo punda amechelewa kuinuka, au mguu wa nyuma anauburuta, ni yule anayemfuata nyuma kila siku. Ulimuuliza Sikuzani mwenye mifugo yuko wapi, naye ameshika kamba mbele ya macho yako. Kosa lako la kwanza ndilo hilo, na kliniki yako yote umeijenga juu yake.

Lakini moyo wako umenipendeza. Mwanamume anayemsikiliza punda tumbo huku majirani wanamcheka ana kitu ndani yake, na ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Kwa hiyo funga hiyo fremu, funguo umrudishie mwenye fremu. Nenda Haneti, anza kwa mwenyekiti wa kijiji, usalimie wanaume na uwaeleze unachofanya, kwa sababu ukiwaruka utasingiziwa mengine. Kisha nenda kwa Sikuzani, mumewe akiwepo, useme kwamba ulikosea na ulicheka. Usipeleke zawadi. Sema, nyamaza, usikilize atakalojibu.

Halafu asubuhi kumi mfululizo uwe kisimani kabla jua halijatoka. Koti jeupe acha nyumbani, na pikipiki iache mbali, maana punda wakishtuka na maji yakamwagika utakuwa umejifukuza mwenyewe. Usiuze kitu. Muulize kila mama punda wake amebadilika nini siku hizi, uandike kwenye hilo daftari lako, na anayekuruhusu umtibu, mtibu palepale. Waachie namba yako ya simu, na siku ya kumi na moja kaa nyumbani. Wakikutafuta, kliniki yako iko kisimani na ofisini usirudi. Wasipokutafuta, rudi kazini bila aibu, na Yusra hatakuona tena unasubiri.

Mimi nami nina swali. Nilipokuwa darasa la sita, kwetu Mvumi, punda wa mama aliacha kula ghafla. Akawa anageuka kuutazama ubavu wake mwenyewe, analala, anainuka, anajiviringisha vumbini, analala tena. Siku ya pili jioni akafa, na mama akajitwisha maji miaka minne. Hata alipozeeka alikuwa akituuliza sisi wanawe, kwa kuwa tulisoma, punda yule alipatwa na nini, na hakuna aliyejua wala hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mama amefariki mwaka jana. Nijibu mimi, Daktari: alikuwa anaumwa nini?