Nta ya Ngoliba

Jumamosi, 5 Julai 2025

Ameitupa. Kopo zima. Chooni!

Mama Karanja alifika asubuhi kutoka kwake Makongeni. Chai hajamaliza, akataka kumwona mjukuu. Akafungua nepi. Akanusa. "Haiya. Hii ni nini unapaka mtoto?" Na mimi, mjinga, nikasema ukweli — ni mafuta ya vipele, nimepika mwenyewe, nta ya nyuki na mafuta ya nazi na ya mbarika. Nta ya wapi? Ya mizinga ya baba, kwetu Ngoliba. Basi akalishika kopo kwa kipande cha gazeti, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akalipeleka kwa choo cha shimo huko nyuma ya ploti.

Aliporudi hakuongea na mimi. Aliongea na mwanawe, mume wangu. Eti wasichana wa Ukambani huolewa na vitu vyao vya kuroga, kamuti, na mjukuu wake hatapakwa uchawi. Eti likizo yangu ya uzazi ikiisha mwisho wa mwezi, mtoto anaenda kulelewa Makongeni. Karanja akasema tutaongea. Macho kwa TV.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Hajui kuroga hata kuku. Nimeapa: hayo maneno mama Karanja atayameza, na marafiki zake wakimtazama.

Jumatatu, 7 Julai

Vipele vimeongezeka. Baridi hii ya Julai nepi hazikauki, nazipiga pasi na bado katikati zina unyevu. Mkojo ukimgusa analia mpaka sauti inakatika. Namwacha bila nepi juu ya shuka, nahangaika na hita ya jirani.

Kwa Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Kwa hivyo mtoto wangu ni Wangeci, na aliyetupa kopo ni Wangeci. Na si jina tu, wanasema ndiye yeye mwenyewe. Karanja humwita mtoto "mami", kwa heshima kabisa. Wakati wa kumpa jina niliumia moyoni nikanyamaza. Leo nimeona faida yake.

"Wangeci, inua miguu. Wangeci, umejichafua tena, huna aibu? Lala hapo nikupanguse." Nimemwambia hivyo mchana kutwa. Jioni Karanja akanisikia nikisema Wangeci ana matako mabaya kuliko watu wote wa Thika. Akanikodolea macho. Nikamuuliza, kwani anaitwa nani?

Kisha nikambusu, maskini. Kosa si lake.

Jumatano, 9 Julai

Maggie amepitia hapa akitoka kazini. Ni dada ya Karanja, anakaa Membley, ana gari na kazi ya ofisi. Kitu kikitoka Membley mama yao hakiulizi maswali. Hata sukari ya Membley kwake ni tamu zaidi.

Alipoona vipele alishika kichwa. "Woiye. Si umpake ile yako ilikuwa inamsaidia?" Nikamwambia iliko. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikamuuliza kama ofisini kwao wanaweza kuchapisha stika. "Weh, Mbithe. Unataka kumfanyia mum nini?" Nikasema nataka mtoto apone.

Ni kweli. Nusu.

Nta imefika leo, ndugu yangu Musembi ameituma. Bado inanuka ule moshi wa kufukuzia nyuki. Nimeiweka juu ya kabati mbali na Karanja.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepika. Sufuria ya maji jikoni, bakuli la kioo juu yake, nta ndani. Moto mdogo, maana nta haipendi mtu wa haraka. Ikishayeyuka, mafuta ya nazi. Kisha ya mbarika, yale mazito, yanashuka polepole kama yamekatazwa. Tone la maji likiingia ukungu utaota, kwa hivyo nilipangusa kila kitu, hadi uso wangu — nilikuwa natoa jasho kwa hasira. Nikadondosha kidogo kwenye kijiko baridi. Yakaganda laini. Yanapakika.

Sikubadilisha kitu hata kimoja. Hiyo ndiyo raha yenyewe. Ningeweza kutia maua yenye harufu nzuri nifiche ule moshi. Sikutaka. Aunuse vizuri. Akishasoma stika hatanusa kitu kingine.

Vichupa vya kioo, vifuniko vyeupe. Stika ya Maggie ina jani la kijani na mtoto mzungu anayecheka: Membley Organic Baby Balm. Nimekitazama kichupa mpaka mimi mwenyewe nikatamani kukinunua. Kesho Maggie anampelekea mama yake.

Jumapili, 13 Julai

Mama Karanja amekuja nacho mwenyewe! Ndani ya mkoba, kimefungwa leso.

"Maggie ameletea somo wangu dawa ya maana," akasema. Akakiombea. Akakaa kitandani, akampaka kwa kidole chake, taratibu, akiimba kidogo. Mtoto akatulia. Lazima niandike hilo pia, alitulia.

Halafu akanigeukia. "Mama Wangeci, jifunze vitu vya kisasa. Wacha hizo za msituni." Nikasema, "Asante, mami." Nikaenda kuosha vyombo. Karanja akaniuliza ninachekea nini kwenye sinki. Nikamwambia sabuni.

Alhamisi, 17 Julai

Vipele vimekwisha, kimebaki kidoa kimoja kwenye paja. Ni mafuta, na ni kumwacha wazi, na ni kuamka kumbadilisha. Mama Karanja anasema ni Membley.

Sasa amewaambia akina mama wenzake wa kanisa. Wote wenye wajukuu wanataka. Amempigia Maggie, Maggie amenipigia mimi. Kwa hivyo natakiwa nipike kamuti ya kanisa zima! Nilicheka nikashikilia friji.

Jumapili wanakuja hapa kumwona mtoto baada ya ibada. Nishapanga. Nimemwita baba aje na ndoo ya nta. Wakishakula nitatoa bakuli, niyeyushe mbele yao, nimimine, nibandike stika. Halafu nimuulize kwa adabu: mami, na hii niitupe choo gani?

Nilimwambia Maggie. Akasema, "Mimi nilidhani shida ni mtoto apone. Huyo ni mamangu, Mbithe." Nikamwambia aliyeitwa mchawi ni babangu. Akakata simu.

Jumamosi, 19 Julai

Baba amepiga simu, anauliza avae koti lipi. Tangu watu wa Karanja walipoleta mahari hawajawahi kumwita popote. Anadhani wamemwita wao. Amemtengea mama Karanja kopo la asali, ile ya juu, nyeupe.

Nimeona vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 20 Julai

Naandika jikoni, daftari juu ya friji. Sebule imejaa. Wangeci nimembeba mgongoni, mkavu, ngozi safi haina hata doa. Wamempitisha mkono kwa mkono wakimsifu. Bibi yake akasimama na kile kichupa akatoa ushuhuda: jinsi alivyomkuta somo wake anapakwa vitu asivyovijua, jinsi Mungu alivyomtumia Maggie. Maggie alikuwa anaangalia viatu vyake. Wakapiga makofi.

Baba alifika katikati ya makofi. Koti la kahawia, tai. Ndoo akanipa mlangoni, asali akabaki nayo. Wamemkalisha kwenye stuli karibu na viatu vyetu.

Nilikuwa nafungua ndoo mama Karanja alipoingia kuchukua vikombe. Akasimama. Akatazama nta. Akatazama vichupa vitupu na stika zimepangwa kando. Moshi ule ule ulikuwa umejaa jikoni. Nikamwona anaelewa, polepole. Wiki mbili nimeiota hiyo sura.

"Mbithe." Hajawahi kuniita jina langu. "Usinifanyie hivi mbele ya hawa watu."

Nikashika bakuli.

"Mtoto abaki na wewe. Nitamwambia Karanja mimi mwenyewe, leo. Haendi Makongeni. Sawa?"

Nilikuwa nataka nini zaidi ya hicho? Nikamwambia sawa. Nikafunika ndoo. Akachukua vikombe, akatoka. Nikasema moyoni, basi, Mbithe, yaishe. Nilikuwa nimeanza hata kurudisha bakuli kabatini.

Ndipo nikamsikia mama mmoja, mchangamfu, akiuliza: "Na wewe mzee, hiyo kopo umekumbatia ni ya nini? Isiwe ni zile dawa zenu za Ukambani." Wakacheka. Karanja pia, kidogo, kile kicheko chake cha kuogopa.

Sauti ya baba: "Ni asali, mama. Nimeletea mama Karanja."

Nikangoja. Si mama Karanja alikuwa palepale? Angesema tu, huyu ni mzazi mwenzangu, nipe. Au anyooshe mkono alipokee kopo, basi, hata bila neno. Mimi ningeenda kupakua chakula. Nimengoja vikombe vikigawanywa. Nimengoja mpaka wameanza kuongea mambo ya mvua. Nikachungulia. Baba bado amelishika kopo magotini, anatabasamu, hajui aliweke wapi. Mama Karanja amekaa mbele yake na kichupa mkononi, anatazama ukuta.

Mtoto ni wangu, ameshasema. Nikinyamaza nimeshinda.

Nimeweka maji jikoni. Bakuli juu yake. Moto mdogo. Sijasema neno, na ahadi sikumpa ya kutopika. Nta imeanza kulainika pembeni, na mlango wa sebuleni nimeuacha wazi.